Jando la mtoto wa dada

Kwetu Masasi mtu akijitambulisha kwamba anaitwa Hamisi Barnaba hakuna anayeshtuka. Wageni ndio huuliza: sasa wewe ni dini gani? Mwenyewe anajibu kwa neno moja, mnaendelea na yenu.

Mimi ni Mwanglikana wa kuzaliwa. Bibi mzaa mama alikuwa Mmakua wa kanisani, amekulia Mtandi, nyimbo zote za Pasaka anaziimba bila kufungua kitabu. Babu alikuwa Myao, mfuasi wa tarika ya Kadiria, mtu wa zikri hasa. Usiku wa kuamkia Ijumaa sauti yake haikosekani. Walipooana walipatana jambo moja: watoto wa kiume wamfuate baba msikitini, wa kike wamfuate mama kanisani. Wakazaliwa wajomba zangu wawili, mama yangu na mama zangu wadogo wawili. Mapatano hayo hakuna shehe aliyeyabariki, na kanisani bibi alizuiwa kushiriki Meza ya Bwana kwa miaka mingi. Alikaa benchi la nyuma na kuimba kuwapita waliokaa mbele.

Sasa uelewe kwamba sisi Wamakua, kama Wamakonde na Wayao, tunahesabu ukoo kwa mama. Baba anaheshimiwa, ila mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mwenye neno la mwisho ni mjomba. Ndiyo maana mkuu wa ukoo wangu mimi Mkristo ni mzee wa Kiislamu, kaka yake mama, na yeye Mwislamu watakaobeba jina la ukoo wake ni sisi, watoto wa dada zake, ambao wengi wetu tunasali Jumapili. Watoto wake wa kuzaa ni wa ukoo wa mkewe. Ukiifikiria hesabu hii, unaona kwa nini kugombana kwa dini kulikuwa kugumu kwetu: utamfukuza nani, na akishaondoka nani atamwozesha mwanao?

Bibi alipofariki padri alimzika, na siku ya arobaini wajomba wakasoma hitima. Pilau lilikuwa lile lile, limepikwa na wanawake wale wale. Sikumbuki mtu kuuliza kama marehemu angefaidika na kisomo.

Nayaeleza haya kwa sababu Desemba iliyopita ukoo wetu ulikaribia kuvunjika kwa ajili ya mtoto mmoja wa miaka tisa, na dini iliyotugombanisha haikuwa ya upande wa pili.

Mtoto mwenyewe ni wa dada yangu. Dada anaishi Chamazi, Dar es Salaam, si mbali na kwangu Mbagala. Mumewe ni Mnyakyusa wa Tukuyu, Mmoraviani, mtu mpole anayependa mpira kuliko mahubiri. Dada alikuwa Mwanglikana kama sisi mpaka alipookoka. Sasa anasali kwenye kanisa la mabati ambalo spika zake zinasikika mpaka stendi, na huko amefundishwa kwamba kila lililomkwama maishani linatoka kwenye madhabahu za ukoo: mizimu ya upande wa mama, maagano ya bibi, na hasa jando na unyago, ambako watoto hukabidhiwa kwa mapepo wakiwa bado wadogo. Amefunga na kuomba ili kukata minyororo ya ukoo. Na mnyororo mmojawapo ni mimi, kwa sababu ndiye mjomba wa watoto wake.

Mzee, yule mjomba mkuu wa ukoo, akapiga simu. Baada ya shikamoo na marahaba na habari za kila mtu mmoja mmoja, akasema, "Mpwa wangu, yule kijana wetu amefika umri wa jando. Likizo ya Desemba namtaka huku."

Nikamwambia, mjomba, mama yake hataki.

Akanyamaza kidogo. "Mama yake si ni mtoto wangu? Hataki kwa ruhusa ya nani?"

Nilipompelekea shemeji habari hizo alicheka, kisha akaacha kucheka. Kwao Unyakyusa mtoto ni wa baba, mwanamume akishatoa ng'ombe amemaliza, na mjomba ni mgeni wa kuchinjiwa kuku. Wala kwao hakukuwa na jando. Alinisimulia, kwa sauti ya chini maana watoto walikuwa karibu, kwamba yeye mwenyewe alitahiriwa akiwa na kazi na ndevu, wakati wa zile kampeni za tohara zilizopelekwa Mbeya na Iringa, baada ya Shirika la Afya Duniani kusema mwaka 2007 kwamba tohara inapunguza uwezekano wa mwanamume kuambukizwa Virusi vya Ukimwi kwa kiasi cha asilimia 60. "Shemeji, ni dakika ishirini na sindano ya ganzi. Hayo ya porini ya nini?"

Dada naye alitaka hospitali, lakini na mchungaji awepo.

Na huko Masasi kwenyewe mzee alikuwa na upinzani nyumbani kwake. Mwanawe, binamu yangu, ni kijana msomi aliyerudi kutoka Morogoro na suruali inayoishia juu ya kifundo cha mguu. Anauza pembejeo mjini, salfa ya mikorosho hasa, na ni mwaminifu wa mizani kuliko mfanyabiashara yeyote ninayemjua. Kwake tohara ni sunna, haina mjadala. Ila ngoma, nyimbo za matusi, kumwaga unga chini ya mti, yote hayo ni shirki. Maulidi nayo ni bidaa, uzushi katika dini. Zikri ya baba yake ni bidaa. Baba na mwana hawaswali msikiti mmoja siku hizi, na hilo linamuuma mzee kuliko anavyolisema.

Kwa hiyo hesabu ilikuwa hivi: mlokole anapinga jando kwa sababu ni upagani, na Mwislamu wa msimamo mkali anapinga jando kwa sababu ni upagani. Mzee wa zikri na mama yangu, mwanachama wa Umoja wa Akina Mama wa kanisani, ndio walikuwa upande mmoja wakilitetea.

Hapa nisimame kidogo, maana vijana wengi wa leo wanadhani jando ni la wasio na dini. Masasi ilianza kuwa mji wa misheni mwaka 1876, Askofu Steere alipofika na watu waliokombolewa utumwani huko Zanzibar. Nia ilikuwa kufika Ziwa Nyasa, safari ikaishia penye miamba yetu. Wengi wa watu wale asili yao ilikuwa huku huku kusini. Waliondoka wamefungwa kamba, wakarudi na majina ya Biblia. Uislamu nao uliingia na biashara ya Wayao na miji ya pwani, Kilwa na Lindi, ukakolea zaidi baada ya Vita vya Maji Maji, ambavyo mwaka 1905 viliichoma misheni yenyewe. Mchanganyiko wetu ndiko ulikotoka, na haukuwa wa maridhiano matamu kama vinavyosema vipeperushi vya utalii.

Vincent Lucas, aliyekuja kuwa askofu wa kwanza wa Dayosisi ya Masasi mwaka 1926, alikuta vijana wa kanisa wakienda jandoni hata wakatazwe. Wamisionari wengi wa wakati ule dawa yao ilikuwa marufuku. Yeye akaliingiza jando kanisani: padri akawa msimamizi, sala zikakaa mahali pa matambiko, nyimbo zikachujwa. Kuna wasomi wanaosema ilikuwa ujanja wa kuwatawala wazee wa jando, na huenda wana haki. Lakini matokeo yake yalikuwa ya ajabu. Mjomba wangu, mtoto wa zikri, alitahiriwa kwenye jando la Wakristo, kwa sababu mwaka ule ndilo lililokuwa karibu na wenzake walikuwa wameshaingia. Mpaka leo akichangamka anaimba wimbo wa kuaga likumbi, kambi ya jando, wenye jina la Bikira Maria ndani yake. Mwanawe akiusikia hutoka nje.

Aliyetupatanisha ni mama. Hakutumia Biblia wala mila. Alimpigia simu shemeji, akamwita baba kwa heshima yote, akamwambia: mtoto atatahiriwa hospitali na mganga mwenye cheti, utakuja uone kwa macho yako. Kisha atakaa likumbi na wenzake muda ule wa likizo tu, afundishwe adabu. Hakuna dawa itakayonywewa, hakuna hirizi. Mama yake anakaribishwa na chupa yake ya mafuta. Kwa mzee akasema neno moja tu, kwamba mtoto wa mjini asipoletwa sasa hataletwa tena. Mzee akakubali hospitali. Yeye mwenyewe anajua mangariba wa zamani waliua watoto; wapo wenzake wa rika waliobaki porini, hadithi zao husimuliwa kwa mafumbo.

Tukasafiri wote, na shemeji ndani.

Likumbi la siku hizi si lile la hadithi. Zamani watoto walikaa porini miezi, mpaka nyasi za vibanda zigeuke rangi. Sasa shule ndiyo inayopanga: likizo ikiisha, wali, yaani watoto wa jandoni, wanatoka, wamepona hawajapona. Siku ya kuwatoa kulikuwa na jenereta, spika mbili kubwa kama makabati, na kijana wa diski aliyechanganya ngoma zetu na singeli mpaka wazee wakaomba apunguze. Wazazi walikuwa wamevaa fulana zenye picha za watoto wao. Wali wametolewa na nguo mpya, miwani myeusi, poda kichwani, kila mmoja amefunikiwa mwavuli, na watu wanawatuza noti kifuani. Mpwa wangu alikuwa amekunja uso kama mbunge anayeulizwa maswali. Mcheza kwao hutunzwa, na yeye alitunzwa vizuri.

Mbuzi alichinjwa na mzee, ameelekezwa kibla, bismillahi ikasikika. Hata shemeji, ambaye kwao kila mtu hujichinjia, hakuhoji. Nataja hilo kwa sababu nilikumbuka Buseresere kule Geita, Februari 2013, mgogoro wa nani ana haki ya kuchinja nyama ya buchani ulivyofika mahali mchungaji akauawa. Kwetu kumpa Mwislamu kisu hakujawahi kuwa suala la haki. Ukitaka ndugu zako wote wale, unampa kisu yule ambaye akichinja wote watakula. Basi.

Shemeji alijaribu utani, akasema Tukuyu sherehe isiyo na kitimoto haijaiva. Mzee akamjibu palepale: "Kitimoto kale huko kwenu. Hapa tuna samaki nchanga." Uwanja mzima ukaangua kicheko, maana samaki nchanga ni panya wa shambani waliokaushwa kwa moshi, na mzee anawapenda sana ingawa mwanawe alishamsomea hukumu yake mara nyingi.

Lakini nilichotaka hasa kukueleza ni kilichotokea usiku wa kuamkia siku hiyo.

Ngoma ilianza baada ya isha. Dada alikataa kwenda uwanjani. Binamu naye alikuja kumjulia hali mama, yaani shangazi yake, kisha akakataa kupita njia ya uwanjani kurudi kwake, akasema atasubiri pikipiki. Nikawaacha. Baadaye kidogo jenereta likaishiwa mafuta, nikarudi nyumbani kuchukua dumu lililokuwa nyuma ya nyumba. Taa ya baraza ilikuwa imezimwa, nikawasikia kabla sijawaona. Wamekaa mkekani, chai ya tangawizi katikati na sahani ya muhogo wa kuchemsha.

"Hawajui wanachokifanya, dada," binamu anasema. "Kuna jambo Mungu halisamehi, nalo ni kushirikishwa."

"Ni ibada ya sanamu, kaka. Imeandikwa wazi."

"Na kwetu imeandikwa."

"Sasa mama anaenda kanisani kila Jumapili, halafu Novemba anakwenda kuwasha mishumaa makaburini. Anawaombea wafu. Ukimwambia anasema alivikuta."

"Afadhali mama. Mzee anapiga dufu msikitini. Dufu! Nimemletea hadithi sahihi, nimemwonyesha mpaka namba. Ananiambia nimwachie Mungu wake."

Wakavuta pumzi kwa pamoja. Dada akamwongeza chai. Binamu akauliza kama kanisani kwao wanabatiza watoto wachanga. Dada akasema hapana, mtu abatizwe akiwa anajua. Binamu akasema hilo lina mantiki. Nikabaki nimesimama gizani na dumu la mafuta mkononi, nikitamani mtu wa kunishuhudia. Mmoja anaamini kwamba mwenzake, asipobadilika, ataingia motoni. Wa pili anaamini vivyo hivyo. Walikuwa wanasikilizana kuliko nilivyowahi kuwaona ndugu hawa wawili tangu utotoni.

Waliponiona walinigeukia mimi. "Na wewe kaka," dada akasema, "uvuguvugu wako huu una mwisho." Binamu akaitikia kwa kichwa.

Nilikuwa nimejiandalia maelezo ya tatizo letu kwa muda mrefu, na usiku ule yalipungua nguvu. Maelezo yangu yalikuwa kwamba wazee walivumiliana kwa sababu dini zao zilikuwa zimelegea, na wenye msimamo mkali wanakuja kubomoa. Kumbe wenye msimamo wanaweza kuheshimiana kwa sababu kila mmoja anamwona mwenzake anamaanisha. Binamu anamheshimu dada kuliko anavyomheshimu baba yake. Hilo si jambo dogo na sitalidharau.

Hata hivyo hofu yangu haijaondoka, ila imehama. Dada na binamu wanaweza kunywa chai pamoja kwa kuwa wao wenyewe walikua pamoja. Waliibiana maembe, walilala mkeka mmoja kwa bibi, walipigwa fimbo na mjomba mmoja. Msimamo wao waliujenga juu ya msingi walioukuta. Watoto wao je? Wa binamu hawaji jandoni, wanapelekwa hospitali na kurudishwa madrasa. Wa dada wangebaki Chamazi. Wangekutana wapi? Msibani, labda, kila mmoja upande wake wa turubai.

Mimi naishi Mbagala. Oktoba 2012 watoto wawili walibishana juu ya Msahafu, mmoja akaukojolea, na kabla jambo halijamalizwa na wazazi makanisa yalikuwa yanaungua. Yalikuwa maneno ya watoto, ya aina ambayo kijijini yangeishia kwa viboko na kuombana radhi. Sidhani kama watoto wale walikuwa na mjomba mmoja wa kuitiwa. Mjini tumekuwa majirani bila kuwa ndugu, na ujirani peke yake, nasikitika kusema, hauna kisu wala mkeka.

Serikali imefanya yake. Tangu sensa ya 1967 haijawahi tena kutuuliza dini zetu, na mwaka 2012 wapo Waislamu waliosusia kuhesabiwa wakidai swali hilo lirudishwe. Ikulu wamepokezana Wakatoliki na Waislamu kwa mpangilio ambao kila mtu anauona na hakuna aliyeuandika. Idi tunapumzika, Krismasi tunapumzika, Maulidi tunapumzika. Nadhani ni busara. Lakini zile picha za shehe na askofu wameshikana mikono mbele ya bango la amani huwa hazinigusi. Ningependa kujua watoto wao wanajuana kwa majina.

Alfajiri ya siku ya kuwatoa wali niliamka mapema kuwasaidia wanawake kubeba maji. Mama alikuwa anarudi kutoka nyuma, upande wa ule mti wetu, vidole vyake vyeupe kwa unga wa mtama. Yule mwanachama wa Umoja wa Akina Mama. Dada alikuwa amesimama mlangoni na aliona kila kitu. Nikajiandaa kwa maombi ya kukemea, maana naijua sauti yake ikipanda.

"Mama," akasema, "nawa mikono, chai tayari."

Mama akanawa. Baadaye uwanjani mwalimu wa madrasa alisoma dua, katekista akasoma zaburi, na kabla ya hayo yote dada alikuwa ameshampaka mwanawe mafuta kichwani, chini ya poda, na kumpekua shingo na kiuno kuhakikisha hakuna kilichofungwa.

Mtoto amerudi Chamazi na vitendawili ambavyo anakataa katakata kumfungulia mama yake, na hilo linamkasirisha sana. Amerudi pia anaamkia wakubwa bila kukumbushwa, anaondoa vyombo mezani, na hilo dada anasema limetokana na mafuta. Sijambishia.

Sasa kuna la pili, na hapo nimeingia matatani mimi mwenyewe. Mzee amepeleka neno kwamba dada yake yule kijana, mwenye miaka kumi na mmoja, naye achezwe unyago likizo ijayo. Mama mdogo ndiye nyakanga, msimamizi wa unyago, na ni mwimbaji wa kwaya, kwa hiyo usiseme hatuna maandalizi.

Nimekataa. Ya unyago mwanamume haulizi, na sitajifanya najua wanachofundishwa wakiwa ndani. Najua tu kinachotokea nje. Zamani binti alichezwa akishavunja ungo. Siku hizi wanachezwa wakiwa wadogo, kwa sababu likizo ni fupi na gharama zinachangiwa. Akishatolewa na kutuzwa, kijiji kizima kinamwona amekua, na wapo wanaume wanaolisikia hilo kama tangazo. Darasani kwangu mimi mwenyewe wasichana waliondoka hivyo. Sheria ya Ndoa ya 1971 iliruhusu binti wa miaka 15 kuolewa kwa idhini ya wazazi. Mahakama Kuu ikasema mwaka 2016 kwamba hilo linapingana na Katiba, na Mahakama ya Rufani ikashikilia hivyo hivyo mwaka 2019. Wazee wetu habari hizo wanazisikia redioni kama za nchi nyingine. Kwa hiyo nimesema: amalize kidato cha nne kwanza, ndipo wamfundishe watakacho, akiwa na akili ya kukubali au kukataa. Mama mdogo kaniuliza kidato cha nne atafundishwa nini ambacho hatakuwa ameshakiona kwenye simu. Sikuwa na jibu zuri.

Dada anafurahi, anaamini nimeanza kuguswa, ananiombea. Mzee hajanipigia tangu wiki hiyo, na nikipiga mimi anampa mkewe simu. Shemeji anasema si alishaniambia. Na jana binamu kanitumia ujumbe: yuko upande wangu, yuko tayari kwenda kukaa na baba yake wazungumze. Nimemjibu haraka asiende. Wakianza na unyago watamaliza na maulidi, na mzee ana presha.